Majani Yamepimwa Maabara: Maana Yake Ni Nini?



Kwa muda sasa tumekuwa tukiulizwa swali moja kila tunapotembelea jumuiya, kutoka Gachororo mpaka Witeithie na hata upande wa Ruiru. Swali lenyewe ni hili: "Haya majani wanasema yamepimwa pale chuoni yakaonekana yana nguvu. Sasa si hiyo ni dawa?" Anayeuliza mara nyingi huwa ameshika pakiti ya unga wa kijani, au chupa ya maji ya kahawia, pamoja na karatasi ya fotokopi yenye jedwali la tarakimu. Juu ya karatasi hiyo neno "antioksidanti" limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Muuzaji amemweleza kwamba maana yake ni kitu cha kuondoa sumu mwilini, na kwamba kikishaondoa sumu, basi sukari, presha na hata ugonjwa wa saratani havina budi kutoka pia.

Sisi si wanasayansi. Tulisomea diploma ya ustawi wa jamii, na kazi yetu ni kuzunguka manyumbani. Lakini tunaishi ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambacho wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Vijana wanaosoma huko ni wapangaji wetu, na wengine tunaimba nao kwaya. Tumewauliza, wametueleza, na mengine tumeyasoma wenyewe. Tumeonelea tuyaandike hapa kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu kuna watu wanaacha tembe zao kwa ajili ya karatasi hiyo ya fotokopi.

Kutu ya mwilini

Hebu kata kiazi au parachichi ulache mezani. Baada ya muda kidogo uso wake unageuka kahawia. Msumari ukilala nje unashika kutu. Mafuta ya kupikia yakikaa wazi kwa miezi yanaanza kunuka. Mambo haya matatu si kitu kimoja kabisa, lakini yote yanatokana na oksijeni ya hewani kuvishambulia vitu. Ukipaka parachichi maji ya ndimu, weusi unachelewa. Ndimu ina vitamini C, na vitamini C ni moja ya antioksidanti.

Ndani ya mwili pia kuna shambulio la namna hiyo. Mwili ukichoma chakula ili kupata nguvu, hubaki vipande vidogo sana ambavyo vimepungukiwa na elektroni moja. Wataalamu huviita radikali huru. Mfano wake ni mtu aliyeibiwa kiatu kimoja pale stendi ya matatu. Anamvua jirani kiatu, jirani naye anamvua mwingine, na vurugu inaenea stendi nzima. Kwa njia hiyo radikali zinaharibu mafuta yaliyo kwenye kuta za chembe za mwili, protini, na hata zile kumbukumbu za urithi tulizopata kwa wazazi. Moshi wa sigara na moshi wa jiko huziongeza. Antioksidanti ni yule mtu mwenye viatu vya ziada. Anatoa kimoja, vurugu inaishia hapo.

Majani ya nchi zetu za joto yana vitu hivi kwa wingi, na sababu si ya ajabu. Mti unasimama juani kutwa na hauwezi kukimbilia kivulini. Unatengeneza kinga yake wenyewe dhidi ya jua, wadudu na ukungu. Kinga hiyo ndiyo mara nyingi tunaisikia ulimini kama uchungu au ukakasi, kama vile wa majani ya chai au ya mpera.

Hapa tuseme mambo mawili ambayo muuzaji hayasemi. Kwanza, kazi ya kuondoa sumu mwilini ni ya ini na figo. Pili, radikali nazo zina kazi yao. Askari wa damu, yaani chembe nyeupe, wanazitumia kuua vijidudu. Mwili wenyewe hutengeneza antioksidanti zake na kuweka mizani. Kwa hivyo wanaodhani kwamba kadiri unavyomeza nyingi ndivyo unavyopona zaidi wanakosea, na tutaona hapa chini walikokosea hata madaktari wakubwa.

Kipimo chenyewe

Kipimo kinachofanywa sana kwa majani, hapa Kenya na duniani kote, kinatumia unga uitwao DPPH. Mtaalamu aitwaye Blois alikieleza mwaka 1958 katika jarida la Nature, na hadi leo vyuo vinakitumia.

Kinafanywa hivi. Majani yanachumwa na kuoshwa, na tawi moja linapelekwa kwa mtaalamu wa mimea ili jina lake lithibitishwe, maana mti mmoja una majina mengi, na jina moja la kienyeji linaweza kubeba miti mitatu. Majani yanakaushwa kivulini siku kadhaa, kisha yanasagwa. Unga huo unalowekwa, mara nyingi ndani ya methanoli, siku moja au zaidi, halafu unachujwa kwa karatasi. Methanoli inavukizwa kwa mashine, na kinachobaki ni kitu kizito kinachonata kama lami ya kijani. Hicho ndicho wanachokiita dondoo. Kinapimwa kwa mizani nyeti sana.

Sasa ule unga wa DPPH ukiyeyushwa unatoa rangi ya zambarau iliyokolea. Wenyewe ni radikali, ila ni mpole, unaweza kukaa kwenye chupa bila kuharibika. Mwanafunzi anachukua maji hayo ya zambarau, anatia dondoo kidogo, anafunika na kuweka gizani kwa nusu saa. Kama majani yana antioksidanti, zambarau inafifia na kuelekea manjano. Kichupa kinatiwa ndani ya mashine inayopitisha mwanga wa nanomita 517 na kusoma rangi iliyobaki. Ikiwa maji yasiyo na dondoo yalisoma 0.90, na yenye dondoo yakasoma 0.36, basi rangi imepungua kwa 0.54, ambayo ni asilimia 60 ya ile 0.90. Hiyo ndiyo "asilimia 60" unayoiona kwenye jedwali. Ni asilimia 60 ya rangi. Hatujui ni nani wa kwanza aliyeanza kuisoma kama asilimia 60 ya wagonjwa waliopona, lakini sisi tumeisikia ikisomwa hivyo sokoni, kwa sauti kubwa na spika ya betri.

Kuna tarakimu nyingine inayopotosha watu. Ni kile kiasi cha dondoo kinachotosha kupunguza rangi mpaka nusu. Mwanafunzi anajaribu kiasi kidogo, cha kati na kikubwa, anachora mstari, na kuona nusu inaangukia wapi. Hapa tarakimu ndogo ndiyo yenye nguvu, kama mchezaji wa mbio anayetumia dakika chache. Jani lenye 20 lina nguvu kuliko lenye 200. Kuna wauzaji wanaojivunia 200. Tena, karibu kila jedwali zuri lina mstari mmoja wa vitamini C ya kulinganishia, na mara nyingi vitamini C hiyo, ambayo mtu anaweza kuipata kwenye pera au chungwa, inayashinda majani yote yaliyopimwa. Mstari huo kwenye fotokopi ya sokoni huwa umekatwa.

Kipimo cha pili unachoweza kukutana nacho kinatumia maji ya manjano yanayogeuka buluu. Hicho kinahesabu jumla ya vitu vya jamii ya fenoli, ambavyo ndivyo antioksidanti nyingi za majani. Kuna vingine tena, na si lazima vikubaliane. Jani la kwanza kwa kipimo hiki linaweza kuwa la tatu kwa kile. Jani changa na jani zee la mti huohuo hutoa majibu tofauti. Hali kadhalika la msimu wa mvua na la kiangazi, au lililokaushwa juani na lililokaushwa kivulini.

Mbona basi vipimo hivi vinafanywa kwa wingi namna hii? Jibu la wapangaji wetu lilikuwa la ukweli. Ni vya bei nafuu, vinamalizika kwa muda mfupi, havihitaji panya wala kibali cha kujaribu watu, na mwanafunzi mwenye pesa kidogo anaweza kumaliza masomo yake kwa kazi hiyo. Sisi hatuoni ubaya. Ni kama mtu anayepepeta mchele. Kati ya majani mia unataka kujua ni yapi kumi ya kuangaliwa zaidi. Kipimo pia kina faida kwa wenye viwanda vya chakula, kwa sababu dondoo inayozuia rangi kufifia kwa njia hiyo inaweza pia kuzuia mafuta ya kupikia yasinuke mapema. Shida inaanza pale pepeo la kwanza linapouzwa kama wali uliokwisha kuiva.

Ambayo mashine haiyaoni

Tafadhali msomaji, soma sehemu hii polepole.

Ile mashine inaona rangi tu. Haijui kama jani ni chakula au ni sumu. Mfano uko kwenye ua. Lantana, ile yenye maua madogo ya rangi mbili tatu inayomea ovyo kando ya njia na mashambani, imepimwa na watafiti wengi na dondoo yake inafifisha zambarau vizuri tu. Lakini mfugaji yeyote anaweza kukueleza ng'ombe akiila kwa wingi anavyoumia. Inaharibu ini, na ngozi ya mnyama inaungua juani. Majani ya muhogo, ambayo wenzetu wa Pwani na Tanzania wanayaita kisamvu, ni mboga tamu yakishatwangwa na kuchemshwa sana. Yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi. Na bado majani hayohayo, yamejaa antioksidanti.

Mashine haioni risasi iliyo kwenye udongo wala dawa ya kunyunyizia wadudu. Mboga iliyonyweshwa maji ya mtaro wa taka inaweza kufifisha rangi sawasawa na iliyonyweshwa maji ya mvua. Kuna vipimo vingine vya kutafuta hayo, vya gharama kubwa zaidi. Kama karatasi haitaji, basi havikufanywa kwa pakiti hiyo.

Halafu kuna ile methanoli. Wakenya tunaijua kwa machozi. Mwaka 2000 jijini Nairobi watu zaidi ya mia moja walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Maabara inaitumia kwa sababu inavuta vitu vingi kutoka kwenye jani kuliko maji, kisha inaivukiza. Kwa hivyo tarakimu za dondoo ya methanoli si tarakimu za chai unayochemsha jikoni. Maji yanavuta vingine na kuacha vingine. Na asithubutu mtu kusema, "Wacha nami niloweke kwenye spiriti kama wanavyofanya chuoni."

Kutoka kwenye kichupa hadi mwilini

Tuseme jani ni chakula, ni safi, na umelichemsha kwa maji. Je, kile kilichofifisha rangi kwenye kioo kitafika kwenye damu? Kwa fenoli nyingi za majani, ni kiasi kidogo tu kinachovuka kutoka utumboni. Kinachovuka, ini linakigeuza haraka kuwa kitu kingine, na baada ya saa chache kimetoka na mkojo. Mwili si kioo.

Na hata vikifika, bado kuna swali kama vinasaidia. Swali hilo lilijaribiwa kwa watu wengi sana. Huko Ufini wanaume 29,133 waliokuwa wavutaji sigara waligawanywa, wengine wakapewa tembe za beta-karotini, ile rangi iliyo kwenye karoti na mboga za kijani, ambayo ni antioksidanti. Watu wakitegemea kwamba saratani ya mapafu itapungua. Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Waliopewa tembe walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Marekani walikuwa na jaribio lao la watu 18,314, wavutaji sigara, walioacha kuvuta, na waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto. Hao walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwezi wa Januari 1996 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17 kati ya waliopewa. Angalia kwamba hayakuwa makosa ya mganga wa kichochoroni. Walikuwa wataalamu wenye nia njema, na waliamini jambo ambalo kwenye kichupa lilionekana wazi kabisa.

Hii haina maana kwamba karoti na mboga zina madhara. Watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi wana afya bora, hilo limeonekana mara nyingi. Lakini mboga ina vitu mamia vikiwa pamoja, kwa kiasi ambacho mwili unakifahamu. Tembe ilikuwa na kitu kimoja, kwa kiasi kikubwa.

Baada ya hapo serikali ya Marekani ilijifunza somo lingine. Wizara yao ya Kilimo ilikuwa na orodha ya vyakula na nguvu zake za antioksidanti kama zilivyopimwa maabara. Mwaka 2012 waliiondoa. Walisema kampuni zinazouza vyakula na virutubisho zilikuwa zikiitumia vibaya, na kwamba tarakimu za kwenye kioo haziwezi kuonyesha kinachotokea kwa mtu. Ukitazama vizuri, ni jambo lilelile la fotokopi yetu ya sokoni.

Wanaoumia

Tunakutana nao. Kuna mama mwenye kisukari aliyekuwa akimeza tembe kila siku bila shida. Akauziwa unga wa mlonge na kuambiwa asichanganye na "kemikali". Aliacha tembe kimyakimya, hata binti yake hakujua. Hakusikia maumivu yoyote kwa wiki kadhaa, na hilo ndilo lililomthibitishia kwamba dawa ya majani inafanya kazi. Sukari haiumi inapopanda. Ilijitokeza kwenye kidonda cha mguu. Sasa anatembea kwa fimbo.

Wengine wetu tunakumbuka mwaka 2011, jinsi magari yalivyojaa kwenda Loliondo, Tanzania, katika kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Mti wake, walioutambua kama mugariga, ni wa ukoo uleule wa mukawa tunaoufahamu huku Ukikuyuni. Wakenya wengi walikwenda. Kuna waliorudi na kuacha dawa za kupunguza makali ya virusi, wakazikwa. Hatumhukumu mzee yule. Tunachosema ni kwamba mgonjwa hakufa kwa kunywa kikombe, alikufa kwa kuacha tembe.

Na hata anayetumia vyote viwili lazima aseme. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo watu wenye afya walipewa tembe za kitunguu saumu pamoja na saquinavir, moja ya dawa za virusi za wakati huo. Dawa katika damu ilipungua kwa karibu nusu. Kitunguu saumu, cha jikoni! Anayemeza warfarini ya kuzuia damu isigande asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani anazokula, maana zina vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu terere na unga wa majani yaliyokaushwa, kwa sababu ya potasiamu na oksalati. Kwa hivyo ukienda kliniki beba pakiti yenyewe ndani ya mfuko, si jina tu. Kama daktari au nesi atakufokea, usiogope, mwonyeshe tu. Tena waulize wanaouza kama bidhaa imeandikishwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Bodi hiyo inaandikisha pia dawa za mitishamba, si za viwandani peke yake, na mwenye cheti hakifichi.

Mboga ni mboga

Sasa kuna msomaji atakayesema tunapiga vita vya nyumbani. La. Tunazipenda mboga za kienyeji, na tungependa kuziona kwenye kila shamba, hata lililo la futi kumi kwa kumi nyuma ya ploti.

Kwa miaka mingi Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo hiki chetu cha Juja amekuwa akizitetea managu, saga, terere, kunde na mrenda, mboga ambazo watu walikuwa wanaziita magugu au chakula cha maskini. Thamani yake haisimamii kwenye antioksidanti peke yake. Zina madini ya chuma, kalisi, vitamini A na protini kiasi, na nyingi zinavumilia ukame kuliko kabichi. Mtoto mwenye macho mazuri na damu ya kutosha hahitaji jedwali la zambarau.

Tulipowauliza vijana wa sayansi ya chakula, ushauri wao wa jikoni ulikuwa mfupi. Osha mboga kabla ya kukata, si baada, kwa sababu vitamini C inakwenda na maji. Pika kwa muda mfupi. Managu machungu mtu anaweza kumwaga maji ya kwanza, lakini terere na kunde hazihitaji kumwagwa. Tia mafuta kidogo au kula na parachichi, maana karotini haivuki utumboni bila mafuta. Kama unakausha kunde za kiangazi, tandika kivulini penye upepo. Jua kali linaharibu karotini na vitamini C. Na chai, ambayo ina antioksidanti nyingi na sote tunaipenda, usiinywe pamoja na chakula cha mama mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu. Vilevile vitu vinavyoipatia sifa ndivyo vinavyoshika madini ya chuma yasiingie mwilini. Ngojeni saa moja au mbili. Ndimu kwenye mboga inafanya kinyume chake, inasaidia chuma kuingia.

Kuhusu unga wa mlonge ambao wengi wameuliza: mlonge ni mboga nzuri. Ukiwa nao uani, chuma majani, pika. Kijiko cha unga kwenye uji wa mtoto si vibaya, ukijua umekaushwa na nani na wapi. Ila usiununue kwa bei ya dawa.

Wanafunzi wakija kwa shosho

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tunaofanya kazi na jamii. Ili mwanafunzi ajue ni jani gani la kupima, mara nyingi huanza kwa wazee. Anakuja Jumamosi, anaketi na shosho, anaulizwa kama amekula, anapewa chai, anaonyeshwa mti wa tumbo na mti wa kifua. Anaandika. Anachuma mfuko mzima, na kwaheri. Shosho haambiwi kitu tena mpaka siku atakapoona jani lake kwenye pakiti sokoni na bei imeandikwa juu.

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, na Katiba ya 2010 inayataja pia. Kwa lugha fupi, maarifa ya jamii si mali ya anayekuja kwanza na daftari. Mwenyewe anatakiwa kuelezwa kinachotafutwa na kuombwa ruhusa, na kama itapatikana faida, jamii iwe na fungu. Hatusemi mfukuze vijana. Ni watoto wetu, na wengi wakiulizwa wanaeleza kwa heshima. Mwombe kijana kitambulisho cha chuo na barua ya msimamizi wake. Muulize atapima nini: rangi kwenye kichupa, vijidudu, au panya. Asichune gamba kuzunguka mti mzima wala kung'oa mizizi. Majani yanatosha kwa kipimo hiki. Na aahidi kurudi na majibu, hata ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kikikuyu, yakisema jani lilipatikana na nini na halikupatikana na nini. Shosho mmoja wa Gachororo alipewa karatasi ya namna hiyo mwaka jana. Ameibandika ukutani kando ya kalenda, na akija mtu wa pakiti anamsomesha mstari wa vitamini C.